Somo: Kujifunza ualimu wa muziki wa shule ya msingi, anza na sikio

Wengi wanaotaka kufundisha muziki shule ya msingi huwaza kwanza kununua kinanda. Kinanda kitangoja. Darasa la watoto 50 huko Likoni au Changamwe huenda lisiwe na chombo hata kimoja, lakini litakuwa na wewe, na sauti yako ndiyo watakayoifuata, iwe imenyooka au imepinda.

Hatua ya 1: Chuo. Ualimu wa msingi siku hizi ni stashahada ya miaka 3, na hapa Mombasa kuna chuo cha Shanzu. Ukihitimu unajisajili na TSC, tume ya kuajiri walimu, ndipo ufundishe. Chuoni muziki ni somo moja kati ya mengi, kwa hivyo tenga dakika 20 kila siku za kujifua mwenyewe. Dakika 20 za kila siku zinajenga sikio kuliko saa tatu za Jumamosi.

Hatua ya 2: Kushika kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Hapa ndipo walimu wageni wanapoanguka zaidi. Mwalimu anaanzisha wimbo pale sauti yake inapojisikia vizuri, chini mno, na watoto wananguruma badala ya kuimba. Watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 huimba kwa raha kati ya D iliyo juu tu ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda) na B inayoifuata. Tafuta uma wa sauti wa A, unaotetema mara 440 kwa sekunde, au programu ya simu inayotoa noti hiyo. Isikilize kimya, kisha iige kwa “nuu”. Sasa iite A hiyo *so*, kwa majina ya solfa (*do, re, mi, fa, so, la, ti*), na ushuke: *so, mi, do*. Hiyo *do* ni D. Wimbo usiopita *la* ukianzia hapo, hakuna mtoto atakayekabwa koo. Rudia mara 10 kwa siku bila kugusa kinanda, halafu ndipo ujipime kwa simu. Ukikuta umeshuka, mara nyingi kosa liko kwenye *mi*: imeimbwa chini kidogo ikaivuta *do* nayo.

Ongeza ishara za mkono. *Do* ni ngumi usawa wa tumbo, *mi* ni kiganja kilicholala bapa, *so* ni kiganja kikikutazama wewe mwenyewe. Anza watoto kwa *so* na *mi* peke yake wiki mbili nzima, kisha *la*. Usiharakishe.

Hatua ya 3: Mapigo. Tembea ukihesabu, mapigo 80 kwa dakika, na useme *taa* kwa kila hatua. Bila kubadili mwendo wa miguu, piga makofi *ta-te*, mawili kwa hatua, kisha *tafatefe*, manne. Miguu ikianza kukimbia makofi yanapozidi, punguza hadi 60.

Kwetu Pwani kuna mtego. Chakacha, ngoma ya arusini, pigo lake halikatiki mara mbili, linakatika mara tatu. Ukiliandika kwa *ta-te* linageuka gwaride na watoto watalikataa, kwa sababu arusini wamesikia lilivyo. Hesabu 1-2-3, 4-5-6 haraka, miguu ikanyage kwenye 1 na 4 tu.

Hatua ya 4: Kufundisha wimbo kwa masikio. Chagua wimbo wa mistari 4, miwili ikiwa inajirudia. Uimbe wote mara mbili, watoto wakipiga mapaja taratibu. Halafu mstari mmoja: unaimba wewe, unanyamaza, wanaitikia. *Usiimbe pamoja nao.* Ukiimba nao husikii makosa yao, nao wanakuegemea. Siku ukinyamaza wimbo unakufa. Unganisha mstari wa 1 na wa 2, kisha wa 3 na wa 4, ndipo wote.

Wakikosea, simamisha hapo hapo. Chukua maneno mawili au matatu yaliyoharibika, yaimbe polepole, waitikie mara tatu, uyarudishe kwenye mstari. Kurudia wimbo mzima ukitumaini utajirekebisha ni kulikaririsha kosa. Na kila unapowaanzisha, hesabu kwa noti ya kwanza na kwa mwendo wenyewe: “moja, mbili, haya im-beni”.

Hatua ya 5: Rikoda. Ni ile filimbi ya plastiki yenye mashimo 7 mbele na 1 nyuma. Mkono wa kushoto juu. Anza na B (gumba na kidole cha shahada), kisha A (ongeza cha kati), kisha G (ongeza cha pete). Sema “tu” kwa ncha ya ulimi kila noti.

Maswali ya wanachama

*Habari za hapo walimu. Rikoda yangu inapiga kelele kama mluzi. Ni mbovu?*
Si mbovu. Ama unapuliza kwa nguvu, ama gumba limeacha upenyo nyuma. Ziba kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na upulize kama unapoza kijiko cha uji.

*Mimi ni mwanamume, sauti nzito. Nikiimba D watoto wanashuka nami.*
Wape noti ya kwanza kwa rikoda ukipiga A, au umtangulize mtoto mwenye sauti thabiti aimbe mstari, wenzake wamwitikie yeye. Baada ya wiki chache watazoea kukusikia chini na wao kuitikia juu.

*Darasa la 60, hakuna ala.*
Vifuu viko kila jiko la hapa. Vikwangue nyuzi, vipige msasa ukingoni, vikauke juani siku mbili, kila mtoto apate jozi. Kwa kayamba la haraka, chupa ya nusu lita na mahindi makavu robo yake. Ukijaza zaidi hayachezi na sauti inafifia. Gawa makundi manne: moja vifuu, moja makayamba, moja makofi, moja linaimba. Badilisha kila baada ya dakika 5, maana kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30 tu.

*Shukran kwa somo. Wazazi wengine hawataki mtoto wao apige ala. Nifanyeje?*
Zungumza na mzazi kabla ya muhula kuanza, usingoje malalamiko. Solfa, makofi na kuimba bila ala vinabeba sehemu kubwa ya kazi, na mtoto huyo apewe nafasi hiyo bila kutengwa pembeni. Kasida na dufu usizilete darasani kama mazoezi ya kawaida kabla ya kuuliza. Kwa wenyewe hizo ni ibada.