Maneno ya Kiingereza ya maumbo: kata mkia kwanza (somo)

Haya jamani lile somo nililowaahidi ndo hili, nimechelewa sababu stima zilipotea. Ni la nyie mnaosoma nursing na bayolojia mkikariri maneno kama kasuku, hata mimi nilikua hivohivo.

Hatua ya 1: tazama mkia wa neno. Ukiona -form, huo ni Kilatini, forma, yani umbo. Ukiona -oid huo Kigiriki, eidos, yani sura.

Hatua ya 2: kata mkia, kilobaki ndo kitu chenyewe. Cruciform, crux ni msalaba. Falciform, falx ni mundu. Cuneiform, cuneus ni kabari, ndo maana yale maandishi ya kale ya Iraq waliokua wakiyagandamiza kwa tete kwenye udongo pia yaitwa hivo. Reniform ni umbo la figo, ila we kumbuka korosho tu, yatosha.

Hatua ya 3, na hii ndo tamu kwetu wapwani: mfananishe na kitu unachokijua. Kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba kuna mfupa waitwa scaphoid, skaphe kwa Kigiriki ni mashua. Mguuni kuna mwengine, navicular, huo watoka Kilatini, navicula, kijimashua. Yani mashua mbili kila upande wa mwili, kila mtu kazaliwa nazo hata yule wa bara asojua kuogelea 😂 Ule wa mkononi ndo huvunjika sana mtu akianguka akajizuia kwa kiganja, watu wa boda muulizeni. Mimi lakini nikiutazama sioni mashua, naona korosho nyengine.

Swali: Mwalimu, na uniform ya skuli je, ni umbo la nini?
Jibu: Unus ni moja, kwa hivo umbo moja, wote sawasawa.

Swali: Basi perform nayo?
Jibu: Hapo utategwa mwanangu. Hiyo yatoka Kifaransa cha kale, maana yake kutimiza, mkia ukageuzwa baadae ukafanana na forma. Si kila mkia wa kukata.

Swali: Dada, lens ya miwani yatoka wapi?
Jibu: Lens kwa Kilatini ni adesi, nyie wa bara mwaita kamande. Tazama punje moja kavu vile imebinuka huku na huku. Na mliopita madrasa mwajua, Kiarabu nacho ni vivyo hivyo, adas ni adesi na adasa ni lenzi.