Namna ya Kupima Uzito wa Machapisho ya Mtafiti wa Seli za Neva

Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisha kwamba makala unazozitazama ni za mtafiti huyohuyo, kwani majina hufanana. Namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha kipekee cha mtafiti mtandaoni, husaidia kuondoa utata. Kisha zipange kuanzia iliyonukuliwa zaidi: ikiwa ya 20 imenukuliwa angalau mara 20, lakini ya 21 haijafikisha mara 21, faharasa ya h, yaani kipimo cha wingi wa makala na nukuu zake kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni 20. Usiishie hapo. Makala ya 1981 ya wanasayansi Neher, Sakmann na wenzao, kuhusu kupima mikondo ya umeme kwenye utando wa seli, imenukuliwa mara maelfu kwa kuwa inaeleza mbinu ya maabara, ilhali faharasa huihesabu kama makala moja tu. Kwa hiyo soma baadhi ya nukuu zenyewe.