Somo: Umeona pomboo San Francisco? Soma hapa kabla hujaniuliza

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya kidoa cheusi baharini na swali, "Huyu nani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Pomboo pua-chupa wa pwani ya California zamani walikuwa wa kusini, pande za Los Angeles na San Diego. El Niño ya 1982–83 ilipopasha maji joto, baadhi walipanda hadi Monterey, na maji yalipopoa hawakurudi. Siku hizi wanapita chini ya daraja la Golden Gate na kuingia ndani ya ghuba ya San Francisco. Kundi zima la pwani linakadiriwa kuwa na pomboo 450 hivi, kwa hiyo picha moja nzuri ina kazi.

1. Andika saa na mahali papo hapo.

2. Ukiwa kwenye boti, usiwasogelee chini ya mita 45. Usiwalishe, ni kosa kisheria.

3. Hakikisha si popoisi, jamaa mdogo wa pomboo. Huyo ni mfupi, mita moja na nusu hivi, pezi la pembetatu, hana pua ndefu, anachomoza na kuzama bila mbwembwe. Pua-chupa hufika mita tatu, na pezi lake ni refu, limepinda nyuma kama jambia.

4. Piga picha ya pezi la mgongoni. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Pomboo hutambuliwa kwa mapengo na makovu ya ukingo wa nyuma wa pezi, si kwa sura wala kuruka kwake. Ngoja akupe ubavu, jua liwe mgongoni kwako, piga mfululizo, kisha subiri ageuke upige upande wa pili. Usivute picha kwa vidole mpaka ikavunjika. USIITUME kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inabanwa na mapengo yanafutika. Itume kama faili. Na picha ya skrini usilete kabisa: saa halisi ya tukio inapotea.

5. Peleka kwa The Marine Mammal Center, kituo cha mamalia wa baharini kilichoko Sausalito, karibu na San Francisco. Wanapokea taarifa za mtu yeyote.

MASWALI

Jembe_Oakland: Mkuu, jana nimeona kitu kikubwa kinaruka. Pomboo au papa?
— Wapi? Saa ngapi? Picha iko wapi? Rudi namba 1.

Jembe_Oakland: Si ungejibu tu, kwani shida nini?
— Shida ni kwamba sikuwepo.

Mama Zuhura: Shikamoo mwalimu. Hao popoisi nao ni wageni?
— Marahaba mama. Hao ni wenyeji waliorudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mlango wa ghuba uliwekewa wavu wa chuma kuzuia nyambizi, na maji yakachafuka miaka mingi, wakatoweka ghubani. Walianza kuonekana tena ndani kati ya 2007 na 2009, baada ya miaka zaidi ya 60. Simama darajani maji yakijaa, utawaona chini yako. Ila ujirani wao na pua-chupa si mzuri: pwani hii pua-chupa wameonekana wakiwagonga popoisi hadi kuwaua, na hawawali.

Mama Zuhura tena: Subhanallah! Kwa nini?
— Wapo wanaosema ni madume vijana wenye ukorofi, wapo wanaosema kugombea chakula. Mimi naona la kwanza lina nguvu, maana wengi waliokamatwa na kamera walikuwa madume.

Mvuvi_Shimoni: Huku kwetu Wasini, Kenya, pomboo ni hao hao?
— Hapana kaka, wenu wa karibu na miamba ni pua-chupa wa Bahari ya Hindi, mwembamba kidogo, na wakubwa huota madoa tumboni. Mkiona pomboo mwenye nundu chini ya pezi, mpigeni picha haraka. Huyo yuko hatarini kutoweka. Namba 4 ni ile ile.

Jembe_Oakland: Nimepata picha. Nimekutumia WhatsApp.
— Kama faili?

Jembe_Oakland: Faili ndiyo nini?

Mvuvi_Shimoni: Bonyeza alama ya klipu ya karatasi, chagua Dokumenti. Na vaa miwani ya polaroidi, inakata mng'ao wa maji.