Kuweka potasiamu kwenye tangi la samaki lenye mimea: maji ya Kigoma si maji ya Tabora

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Cheyo, Tabora, alinitumia picha ya jani. Lilikuwa jani la chini la Hygrophila, mmea wa majini, bado la kijani, ila limetobokatoboka kama lililochomwa kwa ncha ya sindano, na kila tundu limezungukwa na pete ya njano. "Kaka, konokono wananimalizia majani?" Konokono hawali hivyo. Hiyo ni njaa ya potasiamu. Nilimwelekeza kwa simu jioni tatu mfululizo, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nayaandika hapa yote.

Hatua ya 1: Soma jani

Potasiamu husafiri ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huichukua kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machipukizi, ndiyo maana matundu huanzia chini. Ukiona majani mapya ya juu ndiyo yamepauka huku ya chini yakiwa mazima, shaka ya kwanza iwe madini ya chuma. Potasiamu haitakusaidia hapo.

Hatua ya 2: Jua maji yako yanatoka wapi

Hatua hii wengi huiruka, na mimi niliiruka. Tangi langu la kwanza lilikuwa Mwanga, Kigoma, nikilijaza maji ya bomba, na bomba la mjini linaleta maji ya ziwa. Mimea ilipauka. Nikaanza kuweka potasiamu, nikaongeza, nikaongeza tena. Miezi miwili, hakuna kilichobadilika. Jumapili moja nilikaa kuanzia asubuhi hadi magharibi nikirudia hesabu, nikiamini mizani inanidanganya. Nilivuta mililita 5 za maji kwa sirinji nikazimimina kwenye kikombe juu ya mizani: gramu 5 kamili. Mizani ilikuwa nzima. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilichokuwa sijakitazama ni maji yenyewe.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana potasiamu ya kwake, takriban miligramu 30 kwa lita. Sehemu kubwa ya chumvi za ziwa hili huletwa na mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenye nchi ya volkano. Watu wenye matangi ya mimea kwa kawaida hulenga miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Kwa hiyo ndoo yako ya maji ya ziwa inaingia ndani ikiwa imeshapita lengo kabla hujafungua kopo lolote! Maji hayohayo yana pH (kipimo cha uasidi, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9, na kwenye pH hiyo chuma huganda na kuzama, mmea haukipati. Kilichokuwa kinanipausha majani ni hicho.

Kwa hiyo, kama uko Kigoma, Ujiji au Kibirizi na unatumia maji ya ziwa, usinunue potasiamu. Badilisha maji kila wiki, ziwa litakuletea yenyewe. Hata ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, unabaki na kama miligramu 15, zinatosha. Ila kama unatumia maji ya mvua matupu kutoka kwenye bati, hayana potasiamu ya kuhesabika, na mwongozo huu unakuhusu. Maji ya kisima hutofautiana kisima hadi kisima. Usitegemee kile kipimo cha kalamu kinachoonyesha jumla ya chumvi, kwa sababu hakitambui ipi ni potasiamu na ipi ni chumvi nyingine. Kwa kisima ninachokiamini ni jani: weka nusu ya dozi nitakayoitaja, subiri wiki tatu, tazama majani mapya.

Tabora ni habari nyingine. Siku hizi bomba la kule linaleta maji ya Ziwa Victoria, ambayo yana miligramu chache tu za potasiamu kwa lita, kama 4. Mimea ikishakuwa mingi na taa ni kali, hizo zinaisha upesi. Ndiyo yaliyomkuta mdogo wangu.

Hatua ya 3: Nunua mbolea sahihi

Tabora ni nchi ya tumbaku, na kila duka la pembejeo lina mfuko wa NPK 10-18-24, namba za naitrojeni, fosfeti na potasiamu kwa mpangilio huo. Usiuguse. Namba ya mwisho inavutia, lakini naitrojeni iliyomo nyingi iko katika umbo la amonia. Utaua samaki, na ile fosfeti itakuletea mwani.

Omba salfeti ya potasiamu, ile ya 0-0-50, ya unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji. Ile ya 0-0-60 ni kloridi. Ikiwa nyekundu huacha tope, na mimi siipendi hata ikiwa nyeupe. Wakulima wa tumbaku wenyewe huikwepa, maana klorini huharibu uunguaji wa jani. Naitreti ya potasiamu, 13-0-46, ni nzuri, lakini tangi lenye samaki wanaolishwa kila siku kwa kawaida halikosi naitreti.

Sasa, ile 50 kwenye mfuko si potasiamu asilimia 50. Kwa desturi ya kale ya mbolea, namba hiyo huhesabu oksidi ya potasiamu. Zidisha kwa 0.83 upate potasiamu yenyewe: asilimia 41.5.

Hatua ya 4: Changanya

Pima gramu 40 kwa mizani ndogo kama ya wauza dhahabu. Usipime kwa kijiko: kijiko cha unga laini na kijiko cha chenga havilingani uzito. Weka kwenye chupa ya nusu lita, tia maji ya uvuguvugu hadi karibu na shingo, tikisa, acha usiku kucha, kisha ongeza maji yafike mililita 500. Salfeti huyeyuka polepole, usidhani umeuziwa mchanga. Ukibaki na chembe chache chini, chuja kwa kitambaa.

Usiichanganye chupa moja na mbolea ya kalsiamu, utapata jasi, kitu kama plasta. Bandua lebo ya maji ya kunywa, andika MBOLEA kwa wino usiofutika, weka juu kabatini. Watoto wa nyumbani wanaijua ile chupa kuwa ni ya maji.

Hatua ya 5: Weka

Kila mililita 10 za mchanganyiko huu zina gramu 0.8 za mbolea, yaani miligramu 332 za potasiamu. Kwenye lita 100 hiyo ni miligramu 3.3 kwa lita. Weka mara tatu kwa wiki, upate 10.

Tangi la mdogo wangu ni sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Kwa rula ni lita 144. Nilimwambia asitumie rula, ahesabu ndoo za lita 20 anapojaza, changarawe na mawe yakiwa tayari ndani. Zikaingia sita. Basi lita 120, na dozi yake ni mililita 12, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Hatua ya 6: Badilisha nusu ya maji kila Jumapili

Ukibadilisha nusu kila wiki, mbolea uliyoweka haiwezi kurundikana kupita mara mbili ya dozi ya wiki, yaani 20. Ukibadilisha robo, inaweza kufika mara nne. Asiyebadilisha kabisa asifuate dozi hii.

Hatua ya 7: Subiri

Matundu ya zamani hayazibi. Kata majani hayo, yatazame yanayochipua. Wiki ya tatu mdogo wangu alituma picha nyingine: majani manne mapya, yote mazima, na chini yake vikonyo alivyokwisha kukata. Akauliza kama sasa aongeze dozi. Nimemwambia abaki hapohapo kwenye mililita 12, na siku akipunguza mimea mingi kwa mkasi, ashuke hadi 6 mpaka ikue tena.