Somo: Moshi wa matatu na joto la dunia katika faili moja

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya kikao hapa jijini Nairobi na jedwali langu la rangi rangi. Hatua ya kwanza itapunguza masizi kilo kadhaa, ya pili kilo kadhaa, nikajumlisha, nikaketi. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kimya akauliza, "Kijana, jumla yako imezidi moshi wenyewe. Huo mwingine mtautoa wapi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa shida.

Leo tunafanya hesabu ambayo ingeniepusha na aibu hiyo: sera za hewa chafu na sera za tabianchi zikipimwa pamoja. Wataalamu wana modeli kubwa za kazi hii, kama GAINS ya taasisi ya IIASA kule Laxenburg, Austria, ambayo mtangulizi wake, RAINS, ilitumika katika mazungumzo ya nchi za Ulaya yaliyozaa itifaki ya salfa ya 1994. Ipo pia LEAP ya Stockholm Environment Institute. Usiziogope. Moyo wake ni kuzidisha, na kuzidisha tulifundishwa darasa la tatu. Fungua Excel.

Hatua ya 1: Andika shughuli, mara moja tu

Chukua sacco yenye matatu 20 za dizeli. Kila moja inakunywa lita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. (Namba hizi ni za mfano, nenda stejini ukaulize zako.) 20 × 40 × 300 = lita 240,000.

Seli hiyo iwe moja katika faili nzima. Mara nyingi mtu wa hewa ana faili yake, mtu wa tabianchi ana yake, na idadi ya matatu haifanani. Wakikutana wanabishana kuhusu sera, kumbe wanahesabu magari tofauti.

Hatua ya 2: Zidisha, kwanza kwa kaboni, kisha kwa moshi

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, gesi inayopasha dunia joto. Zidisha: tani 648. Kwa chembechembe laini, zile PM2.5 zinazopenya hadi ndani ya mapafu, tuseme gari kuukuu linatoa gramu 1.5 kwa lita. Unapata kilo 360.

Namba ya kaboni unaweza kuiamini, kwa sababu inatokana na mafuta yenyewe. Ya chembechembe inategemea injini, mzigo, na kama fundi alisafisha nozeli au alipangusa tu boneti. Iandike kwa masafa, kutoka ndogo hadi kubwa.

Hatua ya 3: Jaribu sera, moja moja kisha pamoja

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo twende polepole.

Sera A: kila matatu ifungwe chujio la moshi linalozuia asilimia 90 ya chembechembe. Chujio linabana injini kidogo, kwa hiyo tuseme mafuta yanaongezeka asilimia 2. Chembechembe zinashuka hadi kilo 37. Kaboni inapanda hadi tani 661. Mtu wa hewa anapiga makofi, mtu wa tabianchi ananuna. (Chujio halivumilii salfa nyingi. Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Bila hilo hata tusingeizungumzia sera hii.)

Sera B: matatu 10 zibadilishwe ziwe za stima. Kila moja ile kilowatisaa 200 kwa siku, jumla 600,000 kwa mwaka. Stima yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo tuweke gramu 100 za kaboni kwa kilowatisaa: tani 60. Ongeza tani 324 za zile 10 zilizobaki na dizeli. Jumla tani 384. Chembechembe za bomba la moshi, kilo 180. Vumbi la breki na tairi bado lipo, lipe mstari wake.

Sasa kosa langu. Sera A inaokoa kilo 323, B inaokoa 180. Ukijumlisha unapata 503, na tulianza na 360! Chujio haliwezi kuchuja gari ambalo halina moshi tena. Fanya B kwanza, kisha funga chujio kwenye zile 10 zilizobaki: chembechembe kilo 18, kaboni tani 390 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kikaoni.

Hatua ya 4: Kutoka bombani hadi puani

Kilo moja ya moshi wa matatu Gikomba si sawa na kilo moja kutoka bomba refu la kiwanda. Ile ya matatu inatoka palepale mama mboga alipoketi. Na asubuhi za Julai, hewa baridi ikilala chini na ya juu yake ikiwa na joto, moshi hauna pa kwenda. Kwa hiyo sehemu hii inahitaji upepo, kimo cha hewa inayochanganyika, na idadi ya watu mtaa kwa mtaa. Kipimo cha kulinganishia ni mwongozo wa WHO wa 2021, mikrogramu 5 za PM2.5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kaboni haijali ilitokea mtaa gani.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kayole:* Mwalimu, niliambiwa gesi ya mtungi ni mafuta ya ardhini na makaa ni mti, kwa hiyo makaa ni bora kwa tabianchi. Kweli?

Dada, aliyekuambia amehesabu jikoni kwako tu. Makaa yamechomwa kwanza tanurini mbali na Nairobi, na tanuri la udongo hutoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, na moshi mwingi. Mti nao ni mpaka uote tena ndipo ufyonze kaboni hiyo. Kwa hewa unayovuta, hesabu jiko. Kwa tabianchi, hesabu jiko na tanuri. Ukifanya hivyo, mara nyingi mtungi unashinda pande zote mbili, hasa ukipikia maharagwe ndani ya nyumba.

*Mwanafunzi, Juja:* Naweza kugeuza masizi yawe sawa na kaboni ili nibaki na safu moja?

Usifanye. Masizi hukaa angani siku chache hadi wiki, methani miaka 12 hivi, kaboni dioksaidi karne na zaidi. Tena chembechembe za salfati hupoza dunia huku zikiumiza mapafu. Ukizichanganya zote, alama ya kutoa na ya kujumlisha zitakuficha ukweli. Acha safu nyingi.

*Jirani wa Dandora:* Moshi wa jaa mbona hamuuweki? Hakuna anayeuza takataka kwa lita.

Kweli, na ni pengo kubwa. Anza na watu (sensa ya 2019 ilihesabu 4,397,073 Nairobi), zidisha kwa kilo za taka kwa mtu, kisha sehemu inayoungua. Angalia mtego: ukifukia moto kwa udongo moshi unapungua, lakini taka zinazooza bila hewa zinatoa methani. Kutenga maganda ya mboga yakawe mbolea kunapunguza vyote viwili.

*Dereva, Outering:* Hakuna matatu inafanya siku 300, mwalimu. Gereji, polisi, mvua. Weka 270.

Asante sana, ndugu. Nimebadilisha seli ile moja: lita 216,000, tani 583, kilo 324. Mistari mingine yote imejirekebisha.