Mtu wa vyuma akiingia majini

Nilibeba vyuma miaka kumi na moja kabla sijaogelea mita 50 mfululizo. Uzito wangu kilo 96, skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) ya kilo 160, halafu nikaingia bwawani nikazama kuanzia kiunoni kama nanga. Katoto ka darasa la nne kakanipita kakicheka. Kwa hiyo kama nawe ni wa vyuma na unaitaka triathloni ya kwanza, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, anza na maji.

Chagua ile fupi, sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Ya Olimpiki ni mara mbili ya hapo, iache kwanza. Jipe miezi minne.

Misuli ni mizito kuliko maji, na mapaja yetu ndiyo yanayovuta kiuno chini. Ukiinua kichwa, miguu inazama zaidi. Ukipiga maji kwa hasira, unachoka bure. Tazama sakafu ya bwawa, kandamiza kifua chini kidogo, toa pumzi yote ndani ya maji, kisha geuza kichwa pembeni uvute nyingine. Mimi nilikuwa nabana pumzi kama nilivyozoea nikiwa chini ya chuma. Hilo ndilo lililonimaliza, wala si mikono. Wiki tatu za kwanza ogelea mita 25, pumzika mpaka moyo utulie, rudia mara 12, siku tatu kwa wiki. Na mlipe mwalimu, hata vipindi vinne tu. Sisi wa vyuma tuna kiburi cha kujifundisha wenyewe.

Ukifikisha mita 400 bila kusimama, nenda baharini, ila usiende peke yako. Hapa Dar mimi huenda Coco Beach maji yakijaa, maana yakipwa unakutana na miamba. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, ni nzuri kwa anayeanza. Bamvua, inapojaa na kupwa sana, waachie wazoefu. Kila baada ya mikono minane inua macho kidogo utafute alama ufukweni, la sivyo utajikuta umeogelea upinde.

Baiskeli yangu ni ya mtumba na inatosha. Panga kiti hivi: kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limepinda kidogo. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka; gia nzito ni ugonjwa wetu. Siku ya mashindano funga kofia ngumu kichwani kabla hujaigusa baiskeli, vinginevyo mwamuzi atakuadhibu.

Mbio ndizo zilizoniumiza. Siku ya kwanza nilikimbia kilomita 5 kwa ujuaji, nikauguza miundi wiki mbili. Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Baada ya mwezi, kila Jumamosi endesha baiskeli dakika 40, shuka, kimbia hapohapo dakika 10. Utahisi unakanyaga godoro. Ni kawaida, na ndicho unachokizoesha mwili.

Vyuma usiviache: mara mbili kwa wiki, seti tatu badala ya sita, na siku ya miguu isitangulie siku ya mbio. Utapungua lakini. Mimi nilishuka kilo 7, mashati yakanipwaya, washkaji wakaniuliza kama naumwa. Mmoja wao kaanza kuja bwawani. Bado anabana pumzi.