Onyo la tonado likitoka familia iende wapi? Panga leo, simu haijalia

Mimi huwa nazunguka kwenye nyumba za watu huku Marekani kuwasaidia kujipanga na tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka mawinguni hadi ardhini, na kila nyumba naanza na swali moja tu, simu ikilia onyo la tonado sasa hivi mnakimbilia wapi? Baba anaonyesha mlango wa nyuma, mama anaonyesha chumbani, watoto wanaangaliana. Tatizo ndo linaanzia hapo. Onyo likitoka mara nyingi mna dakika chache tu, saa ingine hata 5 hamna, na zote zinaliwa na maswali, ni kweli? iko wapi? ngoja nichungulie nje. Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011 tonado iliua watu zaidi ya 150, na wachunguzi walipohoji waliopona wakakuta wengi walisikia king'ora lakini wakasubiri kwanza wapate uhakika. Kwa hiyo maswali yote tuyamalize leo, siku yenyewe ibaki kazi ya miguu tu.

Hatua ya 1: Jueni maneno mawili

Tornado Watch maana yake hali ya hewa inaweza kuzaa tonado, inatangazwa kwa eneo kubwa na kwa masaa kadhaa. Hapo chaji simu, vaeni viatu, mtoto aliyeenda kucheza mbali aitwe. Tornado Warning ni kitu kingine kabisa, tonado imeonekana kwa macho au rada imeona upepo unazunguka, na hapo mnaingia mafichoni dakika hiyo hiyo.

Ujumbe wa dharura kwenye simu unakuja kwa Kiingereza, na kwa Kispanyola pia. Kama nyumbani kuna bibi au mzazi asiyesoma Kiingereza, andika neno WARNING kwa herufi kubwa kwenye karatasi, bandika kwenye friji, alizoee kwa umbo lake. Kuna mama mmoja nilimfundisha hivo, akawa analinganisha karatasi na simu herufi kwa herufi kwa kidole, wiki iliyofuata akalitambua mwenyewe bila kumuita mjukuu.

Na usitegemee king'ora cha mtaani, kile kimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, ukiwa umelala madirisha yamefungwa unaweza usikisikie kabisa. Tonado za usiku ndo zinaua zaidi kwa sababu watu wamelala. Tafuta redio ya hali ya hewa ya NOAA (idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) inayotumia betri, ile inayojiwasha yenyewe onyo likitoka, uiweke karibu na kitanda.

Hatua ya 2: Chagueni sehemu moja

Kanuni ni chini kabisa, katikati ya nyumba, mbali na madirisha. Basementi kama ipo, kama haipo basi bafu, kabati la nguo la kuingia mtu, korido au chini ya ngazi, ghorofa ya chini. Mimi nasimama katikati ya hicho chumba nahesabu kuta zilizopo kati yangu na nje, kila upande, penye kuta nyingi ndo penyewe. Kinachoua sana ni vitu vinavyoruka, mbao, vioo, mabati, na tonado za daraja la juu kabisa, linaitwa EF5, upepo wake unapita kilomita 320 kwa saa, so kila ukuta unasaidia.

Mnaokaa ghorofa za juu, ongeeni na jirani wa chini mapema, sio usiku wa tukio. Na mnaokaa kwenye nyumba za trela nawaomba sana, msibaki humo hata kama imefungwa na nyaya ardhini, tafuteni jengo imara sasa hivi na muondoke wakati bado ni Watch, mkisubiri Warning mtakuwa mmechelewa.

Hatua ya 3: Vitu viwe humo humo tayari

Viatu vya soli ngumu vya kila mtu, tochi, pawabenki, maji, dawa za kila siku, firimbi ya kuitia msaada mkifukiwa, nakala za vitambulisho kwenye mfuko wa plastiki. Na helmeti, hata ya baiskeli, manake majeraha ya kichwa ndo mabaya zaidi. Mtoto mchanga afungwe kwenye kiti chake cha gari, uingie nacho.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi na saa mkononi

Familia moja mara ya kwanza walitumia dakika 4 na nusu, mmoja anatafuta kiatu, mwingine anamfukuza paka chini ya kitanda. Tukagawana, dada mkubwa anamshika mdogo, baba anamshika bibi, paka ana boksi lake mlangoni. Mara ya tatu, sekunde 50. Rudieni na usiku taa zikiwa zimezimwa.

Hatua ya 5: Simu imelia

Ingieni. Hakuna kwenda kurekodi video, tonado inaweza kufichwa na mvua au giza usiione kabisa. Madirisha usiyafungue, ile habari kwamba nyumba inapasuka kwa presha sio kweli, unapoteza muda tu na kusogelea vioo. Piga magoti, uso chini, mikono ifunike kichwa na kisogo, juu jifunikeni godoro au blanketi nzito.

Kama uko kwenye gari endesha hadi jengo imara la karibu, usijibanze chini ya daraja la barabara, upepo unabanwa pale unazidi nguvu, na tarehe 3 Mei 1999 kule Oklahoma kuna watu walifia chini ya madaraja hayo. Huna jengo karibu? Baki na mkanda umefungwa, inama chini ya usawa wa vioo, funika kichwa, au kama unafika salama, lala kwenye mtaro wa pembeni ulio chini kuliko usawa wa barabara.

Hatua ya 6: Ikishapita

Msitoke mpaka muda wa onyo uishe, dhoruba moja inaweza kutoa tonado zaidi ya moja. Mkitoka ni viatu kwanza, misumari iko kila mahali, na waya ulioanguka usiguswe. Ukinusa gesi usiwashe wala kuzima chochote, tokeni wote, piga simu mkiwa mbali. Jenereta iwe nje kabisa mbali na madirisha, moshi wake unaua kimya kimya. Ndugu watumieni meseji badala ya kupiga, inapita hata mtandao ukizidiwa.

Na hata kama haikuwagusa, helmeti na viatu virudi kwenye kile chumba jioni hiyo hiyo, watoto wasivitawanye, manake onyo lingine linaweza kuja usiku huo huo.